Safu ya Saba

Tulitoka Quito na makoti ya sufu.
Basi likashuka milima usiku kucha,
masikio yakiziba, yakizibuka,
hadi alfajiri joto likatupanda miguuni
na harufu ikaingia dirishani kabla ya pwani yenyewe.
"Yai viza," alisema Renán, akabana pua.
Darasa zima likacheka. Nikacheka nami.
Ilikuwa harufu ya nguo za mama yangu.

Mwalimu Arcesio aligawa fomu, kalamu za risasi, kamba ya katani:
pigeni mraba, mita kumi kwa kumi,
hesabuni miche, pimeni unene wa mashina,
chovyeni kipimachumvi, andikeni.
Safu ya kwanza, aina ya mkoko.
Safu ya nne, viumbe walioonekana.
Safu ya saba, usumbufu wa binadamu.
"Nyayo, visiki, mashimo," alisoma bila kuinua uso,
"kila mkiona, tieni alama ya vema."

Bwenini nilikuwa nimesema mama anauza vitambaa.
Miaka miwili vitambaa hivyo vilinisitiri,
ila tope halimsitiri mtu.
Wenzangu walizama hadi magotini.
Viatu vya Sisa vilimezwa,
kimoja kikatapikwa, cha pili hadi leo.
Mimi miguu ilikumbuka yenyewe:
kanyaga mzizi, tope liache,
peleka uzito nyongani, usisimame, usisimame.
Nilipogeuka nilikuwa peke yangu katikati ya mraba,
tope limeishia vifundoni,
na Mwalimu ananitazama juu ya miwani.
"Nelfa, umewahi kufika huku?"
"Hapana, Mwalimu."
Kaa mwekundu akainua gando
kama mwanafunzi mwenye jibu.

Nikainama kuhesabu miche. Ishirini na mitatu.
Kati ya miche, mashimo.
Si ya kaa; shimo la kaa ni duara, lina kizingiti.
Haya yalilala ubavu,
upana wa mkono, kina cha kiwiko,
na ukingoni alama za vidole: gumba, na vitatu.
Vitatu.
Kile kidogo kilichomwa na mwiba wa samaki-chura
mwaka wa ada yangu ya kwanza.
Walikikata zahanati, saa nne asubuhi;
saa kumi, maji yalipokupwa, alirudi matopeni.

Palikuwa na kumbi la nazi, la kufukuzia mbu,
limeungua nusu, bado vuguvugu.
Kando yake kombe wadogo watano
wasiotimiza kipimo cha kuuzwa
wamerudishwa topeni mmoja mmoja,
wamefunikwa kidogo, kama watoto usiku wa joto.

Kalamu ikasimama juu ya safu ya saba.
Ng'ambo ya miti palikuwa na ukuta wa udongo,
na nyuma ya ukuta madimbwi ya kamba wa kufugwa,
pampu inaunguruma, maji ya kijivu, jani hata moja hakuna.
Nilimwonyesha Mwalimu kwa kidevu.
"Iko nje ya mraba," alisema, na ni kweli:
kamba yetu haikufika kwa kamba wao.

Mashimo kumi na moja. Sikutia alama.
Nilirudi safu ya nne,
chini ya kaa, kombe, yangeyange mmoja,
nikaandika kwa herufi za kujificha:
mama yangu, mmoja.

Fomu ilirudi baada ya wiki,
kumi na nne kwa ishirini.
Penye mstari ule paliwekwa alama ya kuuliza kwa wino mwekundu,
ikakatwa,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi, polepole,
kama mtu anayekanyaga tope kwa mara ya kwanza:
"Ulimwona, au uliona dalili zake?"

Dalili, Mwalimu.
Maji yalikuwa yameanza kujaa.